Dawa Ilipoacha Kunichefua

Kama kuna kopo la dawa ya kifua nyumbani kwako, na dawa hiyo umeshaizoea kwa ubaya wake, halafu siku moja ukainywa ikapita kooni bila kukusumbua, usishangilie. Mimi nilishangilia. Nilikaa kizingitini, nikajishika tumbo, nikasema asante Mungu, hatimaye mwili umekubali. Mjinga mimi! Nakuandikia wewe unayekaa sasa kwenye benchi la wagonjwa na kikopo cha makohozi mkononi, unaona haya hata kumtazama aliye pembeni yako. Habari za vijidudu kawaulize wenye kujua. Mimi nitakueleza yaliyonipata, basi.

Naitwa Subilaga. Nilizaliwa Tukuyu kwenye mvua nyingi, nikaolewa Mbeya na Ambakisye, fundi seremala. Ilikuwa miaka ya hamsini, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Nilianza kukohoa binti yetu Tusekile akiwa anajifunza kutembea. Nilidhani ni vumbi la mbao za baba yake. Kisha damu ikatoka, kidogo tu, kwenye ncha ya kanga, nikaikunja ile ncha nikaificha siku nne. Siku ya tano sikuwa na pa kuificha tena.

Mbeya hapakuwa na kitanda cha wagonjwa wa kifua, nikapelekwa Iringa, kwenye hospitali moja ya misheni. Tusekile akachukuliwa na mama yangu, akarudishwa Tukuyu. Daktari Mzungu alisema neno moja ambalo sikulisahau: mtoto hatalala nyumba moja na mimi mpaka makohozi yangu yawe safi na dawa niwe nimeimaliza yote. Basi hilo ndilo nililolitaka duniani, hakuna jingine. Sikutaka kunenepa, sikutaka kanga mpya, nilimtaka Tusekile.

Pale Iringa nilihesabu siku kwa sindano. Kila asubuhi moja. Makalio yakawa magumu, nikikaa naegemea upande mmoja, kesho yake naegemea upande mwingine. Masikio yalipiga kelele mchana kutwa, na nilipotembea kwenda chooni niliyumba kama mtu aliyetoka kilabuni, wauguzi wakicheka. Wanawake wa wodini walikuwa Wahehe na Wabena. Waliniamkia vizuri, "Kamwene!", nami nikaitikia, na hapo lugha yangu ikaishia. Wakigeuka kuongea wenyewe kwa wenyewe mimi naangalia dari. Mwezi wa saba upepo wa Iringa unaingia hata kwenye mfupa. Nilikuwa najifunika blanketi mpaka kichwani, si kwa baridi peke yake. Mume wangu alikuja mara mbili katika miezi saba, akasimama nje ya dirisha, akauliza kama nakula. Nikasema nakula. Akaangalia viatu vyake, akaenda kulifuata basi.

Pamoja na sindano kulikuwa na dawa ya kopo. Hiyo ni ya kijiko, nyeupe, inakorogwa kwenye maji, mara tatu kwa siku. Jamani! Ladha yake ni chungu na chumvi na kitu kama chuma kilichopata kutu, vyote kwa pamoja, na ikifika tumboni inageuka na kutaka kutoka ilikoingilia. Wengi waliitema dirishani. Ndiyo maana kulikuwa na mtu tuliyembandika jina la Bwana Matone.

Bwana Matone alikuwa mpimaji, Mhehe mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na chumba chake kilikuwa kidogo kama jiko. Kila wiki unampelekea mkojo kwenye kigilasi. Yeye anachukua kichupa cha maji ya rangi ya kahawia, anadondosha matone mawili, na mnatazama wote wawili. Kama dawa umeinywa, mkojo unageuka zambarau iliyoiva, saa hiyo hiyo. Kama umeitema, unabaki na rangi yake. Hakukuwa na ubishi. Wangu uligeuka kila wiki, zambarau nzuri kabisa, na Bwana Matone alikuwa anasema, "Mnyakyusa hana mchezo." Nilikuwa naishi na sentensi hiyo wiki nzima.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha niliruhusiwa kurudi Mbeya. Sindano zilikwisha, lakini dawa ya kopo ilibaki mwaka mzima. Kopo nitapewa zahanati ya Mbeya kila mwezi, na kila baada ya miezi mitatu nirudi Iringa kupimwa. Sharti lilikuwa moja: kopo lisikae na mgonjwa. Likae na mtu wa nyumbani, yeye apime kijiko, yeye aone umemeza. Mume wangu alikuwa anaondoka alfajiri kwenda kwenye mbao zake, kwa hiyo kopo likakaa kwa mama mkwe.

Hapa lazima nieleze jambo letu, maana asiye Mnyakyusa hatanielewa. Mama mkwe na baba mkwe walikuwa wameshahama kutoka kijijini, wanakaa kiwanja kimoja na sisi, nyumba yao ng'ambo ya ua wa matete. Mama mkwe tunapika naye, tunacheka naye. Lakini baba mkwe, mke wa mwanawe hamwoni. Hatazamani naye, haongei naye, hapiti njia aliyopo. Akija huku, wewe unajifunika kanga kichwani unakimbilia migombani. Si uadui, ni heshima, na heshima yenyewe ni kali. Niliishi na mzee yule kiwanja kimoja miaka minne na sura yake siijui. Nilichokijua ni kikohozi chake. Mzee mwenye adabu hatokei ghafla. Akikaribia mahali alipo mke wa mwanawe anakohoa kwanza, ili apishwe. Niliporudi kutoka Iringa nilimkuta mzee anakohoa mapema zaidi na mara nyingi zaidi. Nikamsifu moyoni. Nilisema, ona mzee huyu, kwa kuwa naumwa hataki hata nikimbie, ananipa muda wa kutosha. Nilikuwa napisha mara kumi kwa siku, sufuria ikiungua jikoni.

Wiki za kwanza mama mkwe alinikorogea dawa kwenye maji kama alivyoagizwa, nami nikatapika kama kawaida. Kisha akasema, kwa Kinyakyusa maana Kiswahili hakukijua, "Mwanangu, unajiua na maji haya. Nitakuwekea kwenye uji." Nikakubali. Uji wenyewe ulikuwa mwepesi, una maziwa, na ile ladha niliisikia kwa mbali tu. Baada ya muda sikuisikia kabisa. Tumbo likatulia. Nikaanza kula ndizi, nikaanza kula nyama, mashavu yakarudi. Watu wa kanisani wakasema Subilaga amefufuka. Hapo ndipo nilipokaa kizingitini nikashukuru.

Miezi mitatu ikapita, nikapanda basi la Iringa. Ni safari ya kutwa nzima, pale Makambako vumbi na baridi vinaingia pamoja. Nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kupokea zawadi. Nikampa Bwana Matone kigilasi changu, akadondosha matone mawili.

Haukugeuka.

Akaongeza la tatu. Ukawa kama chai iliyolala, basi. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akanitazama mimi badala ya kigilasi. "Mama," akasema, "wewe hukuwa hivi."

"Nakunywa!" nikasema. "Nakunywa kila siku, mara tatu, haki ya Mungu."

"Wote husema hivyo."

Daktari hakupiga kelele, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema dawa ni chache na wanaoingoja ni wengi. Nirudi baada ya mwezi mmoja, na kama mkojo utakuwa hivi hivi, kopo langu atapewa mtu mwingine anayetaka kupona. Nikamuuliza, na mtoto wangu? Akasema mtoto abaki alipo. Akaandika barua kwa mume wangu, akanipa mwenyewe niipeleke.

Nilikaa na barua ile mapajani kutoka Iringa mpaka Mbeya. Ningeweza kuichana. Sikuichana kwa sababu nilijua nasema kweli, nikadhani ukweli unaonekana usoni kwa mtu.

Ambakisye aliisoma amesimama. Kisha akasema, polepole, "Mimi nimwambie mama yako kule Tukuyu mtoto atarudi lini, kama wewe dawa unaimwaga?" Tangu siku hiyo alikuwa ananiangalia ninapokunywa uji kama mtu anayemchunga mwizi sokoni. Nikimaliza ananiambia nifungue kinywa. Mtu mzima mimi, mke wake, nafungua kinywa. Mama mkwe alikuwa pale pale, anatazama chini, anaosha bakuli ambalo limeshaoshwa. Nikadhani ananionea aibu.

Mwezi ule ndio mbaya kuliko yote, hata kuliko wa damu. Ukiumwa watu wanakuonea huruma. Ukiumwa na ukaambiwa muongo, huna hata huruma. Habari zilienea, na kanisani waliniachia benchi zima. Nililia nikiwa kisimani, kwa kuwa kule maji yanafanya kelele. Na nilianza kujitilia shaka mwenyewe. Nilijiuliza, labda nakunywa kwenye ndoto tu? Labda mwili wangu ni wa aina nyingine, unaificha dawa mahali? Mtu akikataliwa na kila mmoja huanza kujikataa naye.

Nikarudi Iringa. Kwa kuwa kwenda, kupimwa na kurudi ni siku kadhaa, na dozi isikatike, safari hii nilibeba kopo lenyewe kikapuni. Mkojo haukugeuka. Bwana Matone alikuwa ameshafungua daftari kuandika, nikaushika mkono wake. Mke wa mtu kumshika mwanamume mkono hivyo si adabu, lakini maji yalikuwa yamenifika shingoni.

"Umenipima mimi mara nyingi," nikamwambia. "Leo pima hii." Nikaweka kopo juu ya meza yake.

Alilisoma jina langu juu ya kopo. Kisha, na nitamshukuru mpaka nife, akanyanyuka akaleta vigilasi viwili. Kimoja akaweka dawa ya hospitali, kingine dawa yangu, akatia maji akakoroga. Ya hospitali ikayeyuka, maji yakabaki meupe, unaona hadi upande wa pili. Yangu ikawa na ukungu, na baada ya kusubiri kidogo ikashuka ikalala chini kama tope. Akadondosha matone ya kahawia. Ya hospitali ikawa zambarau, nzito kama wino. Yangu ikapata wekundu kidogo wa kujionyesha tu. Akasema, "Hm." Akachukua chupa nyingine, iodini, ile wanayopaka vidonda. Akachota tope langu, akalidondoshea.

Likawa bluu, likawa jeusi.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Chakula, mama. Unga wa muhogo au wa mahindi, siwezi kukwambia upi. Ila nusu ya kopo lako na zaidi ni chakula."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakohoa, halafu nikalia, na Bwana Matone akafungua dirisha lake dogo akageukia nje ili nilie bila kutazamwa.

Daktari alikuja, akaonyeshwa, akaniomba radhi. Mzungu, daktari, akaniomba radhi. Kisha akakasirika, akachukua kalamu ili aandike kuhusu dresa wa zahanati ya Mbeya, yule anayetoa makopo. Siku hizo tulisikia habari za watu waliokuwa wanapunguza dawa za serikali na kuziuza sokoni, na kujaziliza kilichobaki kwa chokaa, kwa unga, kwa chochote cheupe. Nami niseme kweli: nilifurahi. Nilikuwa nimepata mtu wa kumchukia. Lakini Bwana Matone akamwambia daktari asubiri, kwanza kopo jipya lipimwe pale pale mkononi mwa dresa. Akanipa kichupa cha iodini, akanifundisha. Chukua kidogo, tia kwenye maji safi, angalia kama inayeyuka. Kisha tone moja. Ikibaki na rangi ya chai, hakuna unga. Ikiwa bluu, usinywe, piga kelele.

Mbeya nilikwenda zahanati kabla ya kwenda nyumbani. Kopo jipya lilifunguliwa mbele yangu, nikatoa kigilasi changu, nikakoroga, nikadondosha. Rangi ya chai. Nikarudia. Rangi ya chai.

"Mama," dresa akasema, "unanipima mimi? Mbele ya watu?"

Nikamwomba radhi. Alikuwa mtu safi, na nilikuwa nimemtukana moyoni kutoka Iringa mpaka mlangoni kwake.

Nikalipeleka kopo kwa mama mkwe, kama sharti lilivyo. Sikumwambia kitu. Siku ya nne nikashindwa kuvumilia, nikadondoshea iodini kwenye uji wangu. Ukawa bluu kama nguo ya shule! Nikaruka, nikaangusha bakuli, nikaanza kupiga mayowe kabla akili haijanirudia kwamba uji ni unga, Subilaga, ulitegemea nini? Nikacheka peke yangu, nikapangusa sakafu. Mama mkwe alipokwenda kisimani nikaingia nyumbani kwake, nikachota kwenye kopo lenyewe, nikatia maji.

Ukungu. Kisha bluu.

Nilikaa pale chini, kwenye mkeka wake, kigilasi mkononi, mpaka aliporudi. Akaweka mtungi chini. Akaona kigilasi.

"Mama," nikasema, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Unataka nife?"

Akakaa. Akafunika uso kwa ncha ya nguo yake, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo. "Wewe unamsikia nani anakohoa ng'ambo ya ua?"

"Baba. Anaomba njia."

"Njia gani inaombwa kwa damu, mwanangu?"

Mara kumi kwa siku nilikuwa napisha, kumbe nilikuwa namkimbia mgonjwa mwenzangu. Nyumba nzima tulikuwa tunakisikia kikohozi kile na wote tukakiita adabu.

Akanieleza. Mzee alianza nilipokuwa Iringa. Yeye mama mkwe hakuweza kumpeleka zahanati, kwa sababu siku ya wagonjwa wa kifua ni moja na benchi ni moja. Atakaa vipi na mke wa mwanawe bega kwa bega? Na watu wangeuliza: ugonjwa wa mkamwana umemfikaje mkwewe, kama mkamwana alikuwa anampisha? Wangesema Subilaga alivuka njia ya mzee. Wangedai ng'ombe wa kusafisha mwiko uliovunjwa, na labda wangenirudisha kwetu. "Na wewe ulikuwa umenenepa," akasema. "Nilidhani umeshapona, unamalizia tu. Nikampa yeye, nikakujazia wewe unga ili kopo lisionekane limepungua. Wakati mumeo anakufungulisha kinywa, nilitaka kufa."

Nasema wazi: nilimchukia. Nilikwenda migombani nikakaa mpaka jua likapita utosini, na kila jani lililotikisika nililichukia. Halafu nikawaza. Nikinyamaza, tutagawana kopo moja watu wawili, na kijiko nusu hakimponyi mtu. Mimi sitaona zambarau, Tusekile atakulia kwa bibi yake, mzee atakufa. Nikisema, nitakuwa mwanamke aliyempa mkwewe kifua kikuu. Sikuwa na wa kumuuliza. Mume wangu alikuwa ameacha kuniamini, mama yangu yuko Tukuyu, mama mkwe ndiye huyo analia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia uani, mzee akakohoa nyuma ya matete. Sikukimbia. Nilijifunika kanga kichwani, nikaupa mgongo ule ua. Kuongea naye siwezi. Lakini palikuwa na kuku jike pale anaparua takataka, na kuku hana mkwe.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti, "umesikia? Ndani ya nyumba ile kuna kopo la dawa. Lina jina la mtu mmoja na linanywewa na wawili. Waliopima Iringa wanasema dawa ikinywewa nusu haisaidii. Wote wawili watazikwa, kuku. Na kule Iringa anayekwenda kuandikishwa hupewa kopo lake mwenyewe."

Nikasikia anapumua, pumzi ile ninayoijua, yenye mluzi ndani.

"Kuku," mzee akasema baadaye, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikisema maneno, "mwambie mwenye nyumba yako kwamba mimi niliambiwa dawa ile ni yangu, imetoka zahanati. Sikujua ni ya mtu." Akakohoa, akasubiri. "Mwambie kuanzia leo siinywi. Na basi la Iringa linaondoka lini?"

Kuku akaondoka zake bila kujibu. Nikasema, "Alhamisi."

Najua unapenda kujua mapema nani alipona, basi nitakuambia. Zambarau yangu ilirudi mwezi wa pili baada ya hapo, nzito kabisa. Ambakisye alipoambiwa yote hakusema amekosea. Alikwenda kwenye karakana yake akatengeneza visanduku viwili vya mninga, kila kopo na lake, kila kimoja na kufuli. Kuniomba radhi kwa mdomo ilimchukua mwaka, lakini aliniomba. Watu walisema yote ambayo mama mkwe alisema watasema. Ng'ombe alidaiwa, na baba yangu alimleta mwenyewe kutoka Tukuyu kwa miguu bila kunilaumu. Tusekile alirudi kiangazi kilichofuata, amekuwa mrefu, akaniita "mama wa Mbeya", na ilinichukua msimu mzima kuondoa hilo neno la mwisho. Mzee alikaa Iringa miezi minane akachomwa sindano zake, akaishi mavuno matatu zaidi. Mama mkwe nilimsamehe, si siku moja, kidogo kidogo.

Ila ninayotaka uyasikie ni ya Alhamisi ile na Ijumaa yake. Tulisafiri watatu. Mzee kiti cha mbele, mama mkwe pembeni yake, mimi kiti cha mwisho kabisa, kanga usoni, kutwa nzima bila kusema na mtu. Nilikuwa nakiona kichwa chake tu kwa nyuma, mvi zake na kofia. Ijumaa asubuhi tukafika hospitali. Mzee alizidiwa pale nje, mama mkwe akakaa chini naye amemshika kifua, na kwa kuwa yeye Kiswahili hana, mimi nikaenda dirishani kuandikisha.

Karani alikuwa ameshika kalamu. "Jina la mgonjwa?"

Jina la baba mkwe halitamkwi na mke wa mwanawe. Hata neno linalofanana nalo tunalikwepa, tunatafuta jingine. Nikasema, "Ni baba wa mume wangu."

"Nimesikia. Jina."

"Baba Ambakisye."

"Mama, akina baba Ambakisye nitawapata wangapi? Kopo halitoki bila jina, na sindano haitoki bila jina. Nyuma yako kuna watu."

Niligeuka. Kulikuwa na watu kweli, benchi zima, wananitazama. Ningeweza kumwambia asubiri mtu mwingine aje. Nani aje? Mbeya iko kutwa nzima nyuma yetu. Mlango ulikuwa wazi, na nje nilisikia kikohozi kile, na safari hii hakikuwa kinaniomba chochote.

Nikalitamka. Lote, jina lake na la ukoo wake, kwa sauti ya kumfikia karani. Hata hapa siliandiki. Nililitamka siku ile moja. Nikashika ukingo wa dirisha, nikingoja sijui nini, labda ardhi ipasuke.

Karani akaandika. Na kutoka nje, mzee aliyesikia anaitwa na asijue afanye nini kingine, akaitikia.

"Nipo, mwanangu."